Mukwe Hanywi Mafuta ya Bwato

Ilunga alivuka ziwa tulipokuwa tumeshazika, akaingia uani kwangu hapa Kabuta na viatu vyake mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Hakwenda kuketi na wanaume wenzake kwenye viti vya kanisa. Alipitiliza hadi kwenye kibanda cha mabati kilicho pembeni, pale ilipolala ile pikipiki kubwa ya magurudumu manne tangu ilipokufa, kuku wakitagia mayai kwenye chanja yake ya mbele. Akaegemea gurudumu, akalia bila kujifunika uso. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake, kitenge kichwani, nikamwona vizuri, nikageuza shingo. Mume wangu Donat hakuwa na rafiki mwingine wa kulinganishwa na huyo, na watu wote uani walijua kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini mimi sikuwa nimempa Ilunga hata kikombe cha maji. Akija kututembelea, Donat alimbebea sahani mwenyewe, akammiminia mwenyewe maji ya kunawa, wakala wawili chini ya kibanda kile huku mimi nikiwa jikoni nagonga vyungu. Jirani yangu BanaChola, ambaye ni Mbemba na Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki, aliniinamia sikioni. "Bamayo, leo uache," akasema. "Mutu ameshakufa." Nilimwambia aniache mimi kwanza.

Hasira yangu ilikuwa na mwaka wake, na mwaka huo ulikuwa na jina: mwaka wa Mukwe. Nani alizaliwa na nani, na tulifikaje Nchelenge, huku Zambia, kutoka upande wa Kongo, hayo nayaacha, hayana kazi hapa. Naanzia kaburini. Mwamba, mdogo wake Donat, alichukuliwa na ziwa Mweru kati ya Kabuta na kisiwa cha Kilwa, siku ambayo asubuhi yake maji yalikuwa yametulia hata unaweza kujitazama. Walimkuta kwenye matete. Nilikuwa bado mwanamke kijana, mwanangu Rebeka yuko mgongoni, na nilipoutazama ule mwili uliovimba sikumwona Mwamba, nilimwona Donat. Basi kabla udongo haujarudishwa nilimshika mume wangu mkono mbele ya watu, nikamwambia aape. Hakubisha. Aliinama, akachota udongo wa kaburi la mdogo wake kwa ncha ya vidole, akauweka ulimini, akaumeza. "Mu bwato sipande tena," akasema. Mama yake, Kaku Ngoi, alinitazama kwa muda mrefu. Kwetu mtu aliyekula udongo amekula. Hakuna anayecheza na hilo, awe wa misa au wa kanisa la uamsho.

Aliuza bwato, yaani mtumbwi wake, akauza na mota. Wakati huo kulikuwa na mzungu mmoja upande wa Chienge aliyekuwa akipima ardhi kwa kazi fulani ambayo haikuendelea, naye alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Donat akanunua pikipiki yake. Ilifika juu ya lori, na wanawake waliokuwa wakianika chisense mchangani walisimama na mabeseni yao kichwani. Chisense ni wale samaki wadogo wa kwetu, dagaa wa Mweru, na ukiona mwanamke ameacha kuwageuza juani ujue ameona jambo. Lilikuwa jitu pana, la kijani cha majani makavu, lenye chanja ya chuma mbele na nyuma, winchi puani, na magurudumu manene yenye meno. "Hii njo moto ao ni ng'ombe?" mmoja akauliza, maana pikipiki sisi wa Kongo tunaiita moto. Donat alibonyeza kitufe tu. Hakukanyaga kiki, hakuvuta kamba, wala hakuvuta choki ingawa ulikuwa msimu wa baridi, na likanguruma pale pale. Watoto wakakimbia, kisha wakarudi mbio zile zile.

Jina la Mukwe lilitokana na adabu. Donat alilijengea kibanda kabla hajamalizia paa la jikoni langu. Alilifunika shuka, akakataza mtu kuliegemea, akakataza watoto kupiga kelele karibu nalo asubuhi, na kila jioni aliliosha matope ya kwenye rejeta kwa maji ya taratibu, maana mzungu alimwambia likiziba litapata homa. Wanawake wakasema huyo si pikipiki, ni mkwe amekuja kukaa. Kaku Ngoi, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alinung'unika mlangoni: "Miye mukwe ya kweli, hakuna mwenye ananifunikaka na shuka." Lakini adabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya chakula. Huku ziwani kila mota ya bwato inakula petroli iliyochanganywa na oili. Unachanganya ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki, kabla ya kusukuma bwato, na hata mtoto anajua kwa rangi kama imekolea. Kwa mtu wa hapa, kumimina petroli tupu ndani ya injini ni kama kumwekea mgeni ubwali, ugali wetu, bila mboga. Mkono wenyewe unatafuta chupa ya oili. Hili jitu lilitaka tupu. Halikuwa na kabureta, lilikuwa na pampu ndani ya tangi na sindano ya kupulizia mafuta, na kompyuta ya kupima kila tone. Fundi wa sokoni Kashikishi alilizunguka, akajikuna kichwa. "Kabureta unafungua, unapuliza na kinywa, unaenda," akasema. "Hii utapuliza wapi?" Donat akatenga bidoni yake, akaifunga kitambaa chekundu, na kila aliyepita alimsikia akisema: "Mukwe hakunywake esanse ya bwato," yaani hanywi petroli ya mtumbwi. Ikawa msemo. Hata mtu akikataa pombe, watu walisema, mwache, huyo ni Mukwe.

Nitasema ukweli, sijawahi kuwa na miezi mizuri kama ile ya kwanza. Mukwe alivuta tela lenye magunia ya chisense kutoka mchangani mpaka barabara ya lami, mahali ambapo vijana wa baiskeli walikuwa wakisukuma nusu siku na kuacha mapafu yao. Mvua zilipoanza na njia ya kwenda Mununga ikawa uji, malori yalikaa Kashikishi, lakini Donat aliweka gia ya chini, akabonyeza kitufe cha magurudumu manne, na akapita akiwa ametulia kama amekaa kanisani. Alirudi na mapaja yamebabuka kwa joto la injini na matope mpaka kwenye nyusi. Alilalamikia mkanda wake uliokuwa ukiteleza ukilowa, alilalamikia kiu yake, maana jitu lile lilikunywa kuliko mabwato mawili. Lakini alirudi. Hilo ndilo nililolitaka duniani. Upepo ulipovuma nilisikia mabati yakipiga, nikajua mume wangu yuko chini yake. Tulikula pamoja katika chumba cha mbele, sahani moja ya ubwali na samaki wa mchuzi, Rebeka katikati, mlango wazi kwa sababu ya moshi. Nilinenepa mwaka ule. BanaChola aliniambia nimeanza kuwa na shingo ya mke wa mheshimiwa.

Ila Donat alikula akitazama mlangoni. Nilidhani anatazama kibanda. Siku moja nilihamia upande wake ili nimwondolee Rebeka mwiba wa samaki, nikaona kwamba kutoka pale alipokaa kibanda hakionekani. Kinachoonekana ni kipande cha ziwa, kati ya ukuta wa choo na nyumba ya jirani, chembamba kama mlango. Kisha nikaanza kumsikia. Ilunga alikuwa akivuka kila juma na mafuta ya mawese kutoka Kongo, akija kukaa na mwenzake nyuma ya nyumba, na ukuta wetu wa udongo haukuwa na siri. Donat hakusimulia chochote. Alikuwa akiuliza tu. "Mayi iko rangi gani sasa kule ku Kilwa?" "Iko na matope, mvua ni mingi." "Na upepo ya asubuhi?" "Inatoka Kongo." "Ndege beko banazunguka wapi?" Ilunga alimjibu kila kitu kwa upole, akiongeza na mambo ambayo hakuulizwa. Nilikuwa nachambua maharage. Niliendelea kuchambua, na moyoni nikasema, atazoea. Mtu huzoea. Nililionea ziwa wivu kama mwanamke anavyomwonea mwanamke mwenzake, na nilikuwa nimeshinda, basi kwa nini nimpe mshindwa nafasi?

Mvua zilipokuwa nyingi, Mukwe akaanza kuugua. Kwanza alitoa moshi wa bluu, wenye harufu ambayo pua zote za Kabuta ziliijua. Kisha akawa anakohoa mlimani, taa ya njano ikawaka mbele na haikuzima. Donat aliendelea kumfanyisha kazi. Nilishangaa, maana zamani hata kikwaruzo kilimnyima usingizi. "Taa ni ya kuonya tu," alinijibu. Halafu siku moja, katika matope kabla ya Mununga, tela likiwa limejaa, injini ilichemka ikajikaza, ikanyamaza moja kwa moja. Walimrudisha nyumbani kwa kamba, vijana wakivuta, watu wamejipanga kando ya njia kama msiba unapita. Fundi aliletwa kutoka mjini. Alifungua tangi, akanusa, akachovya kidole, akatuonyesha. Oili. Pampu imeungua, sindano imeziba, na injini imekanyagwa kwa kiu mpaka pistoni ikashika. Vifaa vyake haviuzwi Kashikishi wala Mansa, akasema, na hata vikipatikana, ndani kumeshakwaruzika.

Uani palikuwa pamejaa. Donat alikuwa amekaa juu ya tela, mikono katikati ya magoti. Ndipo Ilunga akatoka katikati ya watu, akasema, "Ni miye. Nilimusaidiaka kujaza. Nilibeba bidon ya bwato, sikufikiri." Watu wote walishusha pumzi kwa pamoja. Sitasahau sauti ile. Hapakuwa na mwanaume pale ambaye hakujiona, kila mmoja alitazama viganja vyake akajua vingefanya vile vile. Hata Kaku alisema, "Mukono wa muvuvi." Wao walimsamehe pale pale. Mimi sikuweza. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ameua chakula cha mtoto wangu na amemfungulia mume wangu njia ya kaburi la Mwamba, na kwamba mikono ile haitanawa maji yangu tena. Ilunga aliinamisha kichwa, hakujitetea. Nilimtazama Donat, nikitaka aseme kitu, ama anikanye ama aniunge mkono. Alikuwa anatazama kile kipande cha ziwa.

Serikali ilipofungua ziwa baada ya ule muda wa samaki kuzaa, Kabuta nzima iliteremka ufukoni. Ungesikia mota tangu alfajiri, na nyimbo za wanaovuta nyavu. Mume wangu alikaa chumba cha mbele, akashona nyavu za watu. Alikuwa na sindano ya mti na uzi umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu, na nyavu zilijaa chumba kile mpaka tukawa tunakula tumekaa juu yake. Nyumba ilinuka ziwa. Hakuomba kitu. Hakununa, hakunywa, hakunipandishia sauti. Kama angegombana nami ningejua la kufanya, nina ulimi wa kutosha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wake ulikuwa ukinipiga mimi peke yangu. Alikonda. Rebeka alimuuliza siku moja, "Baba, uko mugonjwa?" akasema, "Hapana, mama. Niko tu."

"Niko tu" ndiyo iliyonishinda. Nilimfuata Kaku Ngoi, aliyekuwa akipepeta mihogo, nikamuuliza kama kiapo kile kina mlango. Hakuacha kupepeta. "Kiko nao," akasema. "Mwenye alikulisha udongo, njo yeye anakupatiaka mayi ya kusukutua. Hakuna mwingine." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Hukuniuliza. Na miye nilizika mutoto moja mu ile ziwa, nisukume mwingine na mukono yangu?" Hapo machozi yalimtoka, nami nikalia naye, tukiwa wanawake wawili wenye woga mmoja. Asubuhi iliyofuata nilimwita Donat ufukoni. Nilichota maji kwa kikombe cha bati, nikampa. "Sukutua," nikamwambia. Alinitazama, akauliza, "Mama Rebeka, ni weye unataka?" Nikasema ni mimi. Alisukutua, akatema, akasukutua tena. Kisha akaingia ziwani na nguo zake mpaka kiunoni, akasimama pale amenipa mgongo, mabega yakitikisika.

Alifanya kazi kwenye mabwato ya watu, kisha akapata lake, akarudia njia ya Kilwa. Miaka yote hiyo niliuhesabu upepo. Kila mabati yalipopiga nilitoka nje, na nilipotoka nilikiona kibanda na lile jitu lililokufa, nikamlaani Ilunga. Ziwa halikumgusa Donat hata siku moja. Alikufa kwa shinikizo la damu, kitandani pangu, mkono wake ndani ya wangu, wakati wa chakula cha mchana. Watu wanasema nishukuru, na nashukuru, lakini ni shukrani chungu kumeza.

Basi turudi uani. Watu walipopungua, Ilunga alinyanyuka akaja kwenye mkeka wangu, akachuchumaa mbali kidogo. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. BanaChola alitaka kuondoka, nikamshika kitenge abaki.

"Mama Rebeka," Ilunga akasema, "kuko neno nilibeba. Mwenyewe alinikataza, lakini sasa amelala, hawezi kunikataza tena. Ile esanse, haikukuwa miye. Ni Donat mwenyewe."

Nilimwambia asimtukane marehemu nyumbani kwake.

"Nilimukuta nyuma ya mabwato, kule Mununga," akaendelea polepole. "Alikuwa anamimina. Bidon ya kitambaa chekundu ilikuwa pale chini, imejaa. Nikasema, Donat, unafanya nini? Akasema, iko inachukua muda, hii mukwe ni mugumu. Akacheka, kisha akalia. Akaniomba niseme ni miye. Alisema, weye batu batakusadiki, juu bote mikono yabo iko vile. Mama Rebeka akijua ni miye, atajua nataka ziwa, na atanifungua juu ya huruma. Sitaki huruma yake. Nataka ile kufunguliwa itoke mu roho yake mwenyewe."

"Kwa nini hakuniomba?" nilisema. Nilipiga kelele, nadhani, maana wanaume waligeuka. "Nilikuwa mke wake. Kwa nini hakufungua kinywa?"

"Nilimuuliza vile vile. Akasema, moto ni chuma, naweza kuiua. Kile kiapo nikikigusa, ni Mama Rebeka njo nagusa." Ilunga alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikamuuliza tena: na kama hakufungue? Akasema, basi, nitashona nyavu za batu mpaka nikufe. Nitakuwa naangalia ziwa pale ku mulango."

Nilimkasirikia maiti. Nasema kama lilivyokuwa: nilitaka kumfukua nimtikise mabega. Kisha nikamwona juu ya zile nyavu, uzi kwenye kidole cha mguu, mwanaume aliyeua kitu alichokifunika shuka kila usiku, akaketi kando ya mlango wangu kungoja, bila kujua kama nitakuja. Na kumbe angengoja hadi leo. Nilicheka mara moja, vibaya, na kicheko kikageuka kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu mazishi. BanaChola alinishika kichwa. Ilunga hakusogea. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, viganja juu, mikono minene ya mtu wa nyavu, ile niliyoinyima maji kwa kosa ambalo halikuwa lake, na ambayo haikujitetea hata mara moja.

Jikoni mabinti walikuwa wamemaliza kupika. Rebeka, ambaye sasa ni mama wa watu, alitoka na birika na beseni ili awanaweshe wageni, kama desturi. Nilimwomba anipe. Magoti yangu siku hizi hayapigwi kirahisi, lakini nilipiga, pale mchangani mbele ya Ilunga. Alirudisha mikono yake nyuma kidogo, kama mtu asiyeamini. Nikangoja mpaka alipoileta tena. Nilimmiminia taratibu, mpaka birika likaisha.

"Nawa," nilimwambia. "Ubwali unapoa."